Walisema Nini Kwenye Korido

Quito, 9 Machi 1993

Dada Obdulia,

Usiushangae mwandiko. Naandika nimelala chali, karatasi naishikilia juu ya uso, na penseli nimeazima kitanda cha pili kwa sababu kalamu ya wino ukiigeuza hivi inakauka. Mkono ukichoka naushusha. Ukikuta sentensi imekatika, ujue hapo nilipumzika.

Operesheni imeshapita. Wanasema nilipoanguka kutoka kwenye mparachichi, pingili moja ya uti wa mgongo ilipondeka kama kipande cha sukari guru kilichodondoka sakafuni. Wameishikilia kwa vyuma na skrubu. Kunigeuza ni shughuli ya kundi zima: wanashika shuka huku na huku, mmoja anahesabu, halafu wananibiringisha kama gogo. Mimi, dada, ambaye nilikuwa nabeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni!

Mguu wa kulia unatii. Tatizo ni wa kushoto. Unawaka. Siku ile mliponipakia kwenye lori, kumbuka, niliweza kuusukuma kidogo, ukasema mwenyewe, “Ona, unapiga teke kama punda.” Tangu nitoke chumba cha upasuaji, kidole hata kimoja hakisogei, na moto unashuka kutoka tako mpaka unyayo. Nimemwambia daktari, anaitwa Daktari Terán, mwanamke, mwembamba. Anasema, “Ni kawaida, mama, vumilia.” Kila asubuhi anakuja na wanafunzi wake, wanasoma karatasi iliyo miguuni pa kitanda, wanaongea maneno yao, wanahamia kitanda kingine. Jina langu hawalitaji.

Sasa sikiliza. Kabla Olmedo hajarudi huko nyumbani, daktari alimwita kwenye korido. Mlango ulikuwa wazi nusu. Sikusikia kitu, ila nilimwona daktari akikunja kidole kama ndoano, na Olmedo akavua kofia. Aliporudi uso ulikuwa umempauka. Nikamuuliza, “Amesema nini?” Akasema, “Unaendelea vizuri.” Dada, mume wangu namjua. Kofia ile haivui hata mezani. Mtu havui kofia kwa kuambiwa mkewe anaendelea vizuri.

Mbane. Wewe unamweza. Halafu niandikie ulichokipata, usikipunguze.

Mdogo wako,
Zenaida


Carpuela, 14 Machi

Mdogo wangu mkaidi,

Barua yako imeletwa na Segundo wa lori la nyanya, na hii atakuletea yeye. Simu ya kijiji imekufa tena, kwa hiyo tutaendelea na penseli yako ya kuazima.

Nilikuambia ule mti haupandwi na mtu mwenye akili. Ukanijibu mwenye akili hali parachichi. Haya, matunda yenyewe nimeyauza yote Ibarra, hata lile lililoanguka pamoja nawe. Halikupasuka. Ulilishika vizuri.

Yadira yuko kwangu. Anakula kama kibarua wa kukata miwa. Shuleni anaenda, na akiniuliza mama atarudi lini namwambia ukishachoka kuhudumiwa kama malkia.

Olmedo nimembana. Nilimkuta anafua shati, peke yake, uone dunia ilivyopinduka.

“Shemeji, daktari alisema nini?”

“Alisema vizuri.”

“Vizuri ya namna gani?”

“Vizuri ya vizuri.”

Nikamwambia kuku wangu wanajieleza kuliko hivyo. Akacheka, lakini cheko lenyewe kama kikohozi. Nilimpelekea mbaazi na wali, kesho yake sahani imerudi vilevile. Jumapili hakwenda uwanjani, na mechi ilikuwa na wale wa Juncal. Nimejisemea ni upweke. Mwanaume akikosa mke wa kumpigia kelele hupoteza ladha ya chakula. Usiwaze.

Mimi siogopi chochote. Ukisikia nimewasha mishumaa kanisani, ni kwa sababu umeme umekatika.

Dada yako,
Obdulia


Quito, 19 Machi

Olmedo,

Nakuandikia wewe mwenyewe, maana dada umemshinda, na aliyemshinda Obdulia ana jambo kubwa tumboni.

Jana nilimwambia tena Daktari Terán kwamba mguu unawaka. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyemwaga uji kwa makusudi. Akasema, “Mama Zenaida, tulieleza. Tumeheshimu uamuzi wako.” Wanafunzi wakatazama viatu vyao, wakaondoka wote.

Uamuzi gani? Tangu nifike hapa sijaamua hata saa ya kukojoa. Nimelala na neno hilo kifuani kama jiwe.

Nafikiria mambo mawili tu, na yote mawili yananitoa jasho. Ama nakufa, na mmekubaliana nisiambiwe. Ama sitatembea tena, na mmekubaliana nisiambiwe. Bibi Rosa Elvira wa kitanda cha dirishani, wiki iliyopita walianza kumchekea, wanampapasa mkono, wanamwita “mrembo wetu.” Nilipoamka siku iliyofuata kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Nimeuliza kaenda wapi. Nimeambiwa nipumzike. Sasa kila anayenichekea naona ananiaga.

Jana walinigeuza upande wa ukuta, na kwa muda sikuujua mguu wa kushoto uko wapi. Nilijua upo kwa sababu unauma, lakini mahali pake sikupajua. Nikapiga kelele. Hicho ndicho ninacholala nacho huku, na wewe uko huko unafua mashati.

Uliambiwa nini kwenye korido? Niambie. Hata kama ni kifo, niambie kwa mdomo wako nisije nikakisoma kwenye macho ya wanafunzi.

Zenaida


Carpuela, 23 Machi

Mke wangu,

Mimi mzima, mtoto mzima. Nyanya zimeanza kuiva na mvua si mbaya. Kuhusu maneno ya daktari, labda amekuchanganya na mgonjwa mwingine. Wana wagonjwa wengi, usiwasumbue. Mguu utapoa wenyewe, Mungu akipenda. Watu wengi wamepona kwa kukaa tu.

Nitakuja lori likipata nafasi.

Olmedo

Na moyo wako je, unapiga vizuri? Waombe wakupime moyo.


Quito, 27 Machi

Dada Obdulia,

Kaa chini kabla hujasoma. Yadira asiwepo.

Juzi Nesi Piedad alikuwa ananiosha. Kitambaa kilipogusa paja la kushoto nikapiga ukelele mpaka wodi nzima ikanyamaza. Akaniambia, kwa huruma kabisa, “Mama, kama maumivu ni makali hivi, kwa nini ulikataa?”

“Nilikataa nini?”

“Kurudishwa kufanyiwa upasuaji. Si mumeo alileta jibu lako?”

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kitambaa, yananidondokea tumboni, na hakuna kati yetu aliyeyapangusa. Aliona usoni pangu kwamba sikuwa najua kitu. Akataka kuondoka. Nikamshika aproni.

Nilisema simezi kidonge wala sigeuzwi mpaka daktari aje akae. Nilisema akae, maana mtu aliyesimama huwa ameshaanza kuondoka. Wakaniambia nitapata vidonda vya mgongo. Nikasema basi nitavipata. Dada, usidhani ni ushujaa, nilikuwa natetemeka mpaka kitanda kinalia.

Alikuja jioni bila wanafunzi. Akavuta kiti.

“Mumeo aliniambia amekueleza kila kitu,” akasema, “na kwamba hutaki kusikia habari ya kisu tena.”

“Mume wangu hakuniambia neno. Na wewe hukuniuliza.”

Halafu akasema, “Ni kweli. Ilinipasa kukuuliza wewe. Nimekosea.”

“Sasa niambie. Niambie kama unavyomwambia mtu mzima.”

Akaweka ngumi moja juu ya nyingine, kama pingili, akapitisha kidole pembeni. “Skrubu moja ya kushoto imetoka kwenye njia yake. Inagusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Huo moto unatoka hapo.”

“Nani aliipitisha huko?”

“Mimi. Mfupa ulikuwa umepondeka na njia ilikuwa haionekani vizuri, lakini mkono ulikuwa wangu.”

Nilitaka kumchukia, nikakosa nafasi, maana maswali yalikuwa yananisukuma. “Ukiitoa, mguu utarudi?”

“Moto, naamini utapungua sana. Nguvu ya mguu, sijui. Inaweza kurudi yote, nusu, au isirudi. Ninachojua ni kwamba tukizidi kuchelewa, matumaini yanapungua.”

“Ninaweza kufa humo?”

“Sitarajii. Lakini siwezi kukuapia.”

“Na nikikataa?”

“Utaishi. Na mguu huo, na moto huo.”

Akaniambia anataka jibu langu, kutoka kinywani mwangu, kabla ya mwisho wa wiki ijayo.

Majibu niliyalilia, dada, na sasa nimeyapata natamani kujifunika shuka nimwambie daktari ayarudishe. Kumbe nilikuwa nasubiri mtu aniambie nitapona. Nikifumba macho naona ile taa kubwa ya duara na kile kitu cha mpira wanachokufunika puani. Nikifumbua naona mguu ambao si wangu.

Na Olmedo! Alisimama mbele ya mtu akasema mimi nimesema. Sijui nimuite nani, mume au mwizi. Muulize kwa nini. Mimi nikimwandikia leo, karatasi itawaka.

Zenaida


Carpuela, 30 Machi

Mdogo wangu,

Nilimfuata shambani, barua yako nimeifutika kifuani, jembe mkononi. Jembe sikulibeba kwa kulima.

“Olmedo Folleco, Zenaida alikataa nini?”

Alikuwa anafunga nyanya kwenye vijiti. Hakugeuka. Akasema, “Kwa hiyo ameshajua.”

“Nakuuliza, alikataa nini?”

“Hakukataa. Hakuulizwa.” Na hapohapo akakaa chini, matopeni, katikati ya matuta.

Unamkumbuka dada yake, Targelia. Ule uvimbe wa tumboni. Alikuwa haendi hospitali, na Olmedo ndiye aliyembembeleza, akampakia kwenye basi la Ibarra, akamwambia, “Utalala kidogo tu, utaamka umepona.” Hakuamka. Wakasema moyo. Mimi nilikuwa miongoni mwa tuliomwosha. Olmedo anasema daktari wako alipotamka “tumlaze usingizi tena,” hakusikia lililofuata. Alisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia Targelia utaamka. Akaniambia, “Shemeji, na mguu mmoja bado ni Zenaida. Akiwa kaburini ni nani?”

Nilikuwa nimekuja kumpiga. Nilijikuta nimekaa naye matopeni, na gauni langu la kanisani, tunalia kama wehu, mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia.

Sasa usitarajie nikuambie ufanye nini. Niliandika siogopi. Naogopa. Daktari angeniita mimi kwenye korido, huenda na mimi ningesema hapana, mwacheni hivyohivyo, mrudisheni tumlishe kwa kijiko. Ila ningekuuliza. Hapo ndipo alipokukosea, na nimemwambia mara nyingi kuliko alivyohitaji.

Anakuandikia mwenyewe. Barua yake iko pamoja na hii. Sijaisoma, ingawa nilitaka.

Obdulia


Carpuela, 30 Machi

Zenaida,

Nilimwambia daktari kwamba hutaki. Uongo. Ni mimi nisiyetaka.

Nilijua ukiulizwa utakubali. Wewe ni mtu wa kupanda juu. Kwa hiyo sikukuuliza. Halafu nikarudi nyumbani, na kila siku nilijiambia nimekuokoa, na kila nilipoliona lori la Segundo linakuja na barua nilijificha.

Hata sasa nataka useme hapana. Sikufichi. Lakini sema wewe.

Olmedo


Quito, 2 Aprili

Olmedo,

Nimesema ndiyo. Nilimwambia daktari nikiwa namwangalia, na alirudia kuniuliza, nikasema ndiyo tena, ingawa ya pili ilitoka kama mlio wa panya. Ni Jumatatu asubuhi.

Naogopa. Meno yanagongana, Nesi Piedad ameniletea blanketi akidhani ni baridi. Nikimfikiria Targelia nashikwa na kizunguzungu, na wewe umenifanya nimfikirie kila saa. Nimemweleza daktari habari zake. Wamenipima moyo, wakasema ni mzuri. Nikauliza, “Mzuri kiasi cha kuamka?” Daktari akasema, “Mzuri kiasi cha mimi kukubali kukulaza.” Nimeanza kumwamini, kwa sababu hanipi zaidi ya alichonacho.

Sijakusamehe. Nikiamka tutalishughulikia. Nisipoamka, utabaki nalo, na pole.

Yadira asikatwe nywele na Obdulia, humfanya aonekane mvulana. Vazi langu la buluu ni la Obdulia. Nyumba isifungwe kwa maombolezo zaidi ya ilivyo lazima, mtoto anahitaji kuona jua.

Njoo. Na ukifika usiniambie kila kitu kitakuwa sawa. Nimechoka kuambiwa hivyo na watu wasiojua.

Zenaida


Quito, 8 Aprili

Shemeji Obdulia,

Yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua umesimama mlangoni unasoma.

Nilichelewa. Mvua ilikuwa imemwaga udongo barabarani kabla ya kufika Cayambe, Segundo na mimi na abiria wa mabasi tukawa tunachimba kwa mikono. Nilifika wodini nikakuta kitanda hakipo. Si kwamba ni kitupu, shemeji, hakipo kabisa. Nilimshika mtu wa kwanza niliyemwona, kumbe ni mfagiaji, maskini, nikamtikisa nikisema, “Yuko wapi, yuko wapi?” Nesi mmoja akanitenganisha naye, akaniambia wamempeleka na kitanda chake, bado yuko ndani.

Nilikaa sakafuni. Sikusali, sala ilikataa kutoka. Nilikuwa nasema jina lake tu.

Daktari Terán alipotoka alikuwa na barakoa shingoni. Akaniona, akanisogelea pale kwenye korido, akafungua kinywa, “Bwana Folleco—”

Nikasema, “Hapana, daktari. Usiniambie mimi. Niambie kitu kimoja, anapumua?”

“Anapumua.”

“Basi yaliyobaki mwambie mwenyewe. Mimi nitasikia akisikia.”

Ile subira, shemeji, ilinichoma. Kutwa nzima uso wa yule daktari ulikuwa unapita mbele yangu na mimi naugeuzia kisogo, nisije nikausoma.

Alipozinduka sawasawa, daktari akaja, akakaa. Zenaida hakunitazama. Akasema, “Sema.”

Skrubu wameitoa, wameweka nyingine mahali pake. Mshipa haukukatika, lakini ulikuwa umebanwa kwa muda mrefu na umeumia. Moto umeisha karibu wote, hilo Zenaida mwenyewe amelisema. Mguu wa kushoto, paja limeanza kutii. Unyayo haunyanyuki. Daktari anasema unaweza kuja kunyanyuka baada ya miezi mingi, au usinyanyuke kamwe, na hatajifanya anajua. Atatembea kwa fimbo, na kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu. Kupanda miti, amesema hapana. Kubeba mizigo kichwani, hapana.

Zenaida akauliza, “Kamwe?”

“Kamwe.”

Akashukuru. Daktari alipoondoka akalia, asubuhi nzima ya jana ililiwa na kilio hicho. Akaniambia mambo ambayo sitayaandika. Ni ya kweli na ni yangu. Sikujitetea. Nilisema, “Ndiyo,” na, “Ndiyo,” mpaka akachoka.

Halafu mchana wakaja kumsimamisha. Walimfunga mkanda mgumu kiunoni, wakamkalisha ukingoni mwa kitanda. Rangi ilimtoka. Jasho lilimtiririka usoni kama amenyeshewa. Miguu ilikuwa inaning'inia, wa kushoto umelegea, na chini kulikuwa na sakafu tu, lakini aliitazama kama mtu anayetazama korongo. Nesi akasema, “Mwegemee bwana wako.” Nikaja mbele yake, nikamshika chini ya kwapa. Nilisikia moyo wake unavyogonga, na wangu.

Akaninong'oneza sikioni, “Unaogopa?”

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, “Naogopa sana.”

“Vizuri,” akasema. “Basi hutaniachia.”

Akashuka.

Olmedo